Wiki Iliyofuata

Mimi naitwa Pilipili. Si jina la kuzaliwa, nilipewa kazini, na aliyenipa alikuwa na sababu zake. Kazi yangu ni kupiga pini. Kijitabu kikishakusanywa karatasi zake kinaletwa mbele yangu, nakanyaga pedali, ta! ta!, pini mbili, kisha kinakwenda kubandikwa jalada. Nimefanya hivyo miaka sita katika chumba cha nyuma cha huduma yetu ndogo, na kwa miaka yote hiyo sikuwahi kusoma hata ukurasa mmoja wa kitu nilichokuwa nakipiga pini. Msinitazame hivyo. Mpishi naye akishinda jikoni hushiba harufu.

Kijitabu chenyewe kinaitwa Taa ya Jikoni. Kinatoka kila baada ya miezi mitatu. Ndani yake mna wiki kumi na tatu, na kila siku ina kurasa mbili: andiko, maelezo mafupi, na sala ya mistari mitatu. Kinakwenda kwa wauguzi, wafungwa, madereva wa malori, wauza vibanda, wazee wasiotoka kitandani. Si watu wa kusoma vitabu vinene. Ni watu wanaosoma wamesimama, jicho moja liko kwenye sufuria.

Lakini habari zangu hazina kichwa wala miguu. Ninayetaka mumjue ni Mama Kidole.

Alikuwa na miaka sitini na saba, mrefu, mwembamba, mgongo umenyooka kama aliyemeza ufagio. Jina alilipata kwa ajili ya kifuniko cha mpira alichovaa kwenye kidole gumba cha kulia, ili karatasi zisimteleze. Yeye ndiye mkusanyaji. Kwenye meza yetu ndefu hupangwa marundo kumi na tatu, kila rundo wiki yake, karatasi zimeshakunjwa. Mama Kidole huizunguka meza hiyo akichukua moja hapa, moja pale, mkono wa kulia unaokota, wa kushoto unapokea, huku akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya puani. Ubeti mmoja, mzunguko mmoja, kijitabu kimoja. Akifika kwangu anakiweka na kusema, "Haya, Pilipili, kichome." Sijaona mtu wa kumshinda. Kuna mwaka walikuja vijana watatu wa kwaya kutusaidia wakajitapa kwamba watamchosha bibi. Kufika saa sita mchana walikuwa wamekaa sakafuni wakiomba maji, naye yuko ubeti wa tatu wa wimbo mwingine.

Mikono ile ilifundishwa na kazi nyingine. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa akifanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, chini kabisa, kwenye mabomba ya mvuke. Alikuwa akikunja mashuka. Mume wake aliugua na kulazwa orofa ya pili ya hospitali hiyohiyo, na huko juu akafariki. Siku ya tatu baada ya mazishi Mama Kidole alirudi kazini, na kwenye lundo la asubuhi akakuta shuka lenye kiraka cha uzi wa buluu pembeni. Kiraka hicho alikishona yeye. Shuka hilo ndilo mumewe alilolalia mpaka mwisho, naye Mama Kidole alikuwa amelikalia pembeni usiku na mchana akimuuguza.

"Ukafanyaje?" nilimuuliza siku aliyonisimulia.

"Nikalikunja. Ningefanyaje? Lilikuwa limekauka."

Tangu siku hiyo hakusali tena. Anasema hakugombana na Mungu, alimnyamazia tu, kama unavyomnyamazia jirani aliyekukosea. Unampita mlangoni, unaangalia upande wa pili.

Miezi ikapita. Siku moja, kwenye mashuka yaliyotoka kwenye mashine, likamwangukia miguuni bonge la karatasi lililorowa. Mgonjwa fulani alikuwa amesahau kijitabu kitandani, nacho kikafuliwa pamoja na shuka, sabuni na yote. Mwingine angekitupa. Yeye hawezi kuona kitu kimekunjamana akakiacha. Alikiweka juu ya bomba la mvuke kikauke, akabandua kurasa kwa kisu, akazipiga pasi. Karibu zote zilikuwa uji. Iliyosomeka ilikuwa wiki moja tu, ya tatu, maana ilikuwa imebanwa kati ya karatasi zilizogandana na maji hayakuifikia vizuri. Ilihusu yule nabii aliyechoka, akalala chini ya mti akiomba afe, malaika akaja akamwandalia mkate na maji. Hakumfokea wala kumhubiria. Alimpa chakula tu, akamwacha alale tena.

"Nilisoma siku saba," aliniambia. "Siku ya nane nikafungua ukurasa: uji. Nikarudi mwanzo. Mwanangu, nilisoma wiki hiyo miezi mitano. Na nilianza kusali tena, kwanza kwa kununa, halafu vizuri. Lakini kila nikifika siku ya saba nilikuwa najiuliza, sasa huyu mtu ameshakula, iliyofuata ilisema nini?"

Hakuwa mtu wa kujiuliza tu akaishia hapo. Nyuma ya jalada yalibaki maneno manne ya anwani. Akauliza huku na huku mpaka akafika kwenye mlango wetu, na mhariri wa wakati huo alipotoka akamwambia, "Nimefuata wiki ya nne." Mhariri akacheka, halafu akaona mwenzake hacheki. Wakaingia stoo. Lo! Mchwa walikuwa wamekula kabati zima la matoleo ya zamani, hata nakala ya kumbukumbu haikubaki. Mzee yule aliona aibu. Akamwambia, "Mama, hilo sina. Lakini njoo ukusanye pamoja nasi, hutakosa wiki nyingine tena." Akatoa kifuniko cha mpira mfukoni, akampa. Hiyo ni miaka kumi na tisa iliyopita. Alikuja kwanza siku zake za mapumziko, na alipostaafu akawa anakuja kila siku. Kila akikamilisha kijitabu alikuwa akikipigapiga mgongoni na kusema, "Asikose mtu iliyofuata."

Sasa mmemjua. Nije kwenye kosa.

Ilikuwa siku ya mvua. Paa letu lina tundu ambalo kila kamati inalikuta na kila kamati inaliacha. Matone yakaanza kuangukia kona ya meza, palepale kwenye rundo la wiki ya tisa. Mama Kidole alikuwa amekwenda kunawa mikono. Nikainuka, nikalibeba rundo la tisa nikalihifadhi kwenye rafu, nikaweka beseni, nikafuta meza. Fundi wetu wa mashine akaingia na shehena ya karatasi. "Nyongeza ya wiki ya nane hii, niweke wapi?" Mvua ilikuwa imeshapungua. Nikamwonyesha pale palipokuwa wazi. "Weka hapo, nitapanga." Nitapanga! Kisha akaanza kunisimulia harusi ya shemeji yake, jinsi keki ilivyoanguka, nami kwa habari za keki iliyoanguka sina breki. Chai ikaja. Mama Kidole akarudi, akaanza kuzunguka meza.

Yeye haokoti kwa namba. Anaokota kwa mahali. Nane hapa, tisa kwenye kona. Siku hiyo kwenye kona palikuwa na nane nyingine. Nami niliyetakiwa kukagua kabla ya kukanyaga pedali nilikuwa nimegeuza shingo nacheka. Ta! ta! Vijitabu mia mbili na kumi. Alasiri nikaliona rundo la tisa kwenye rafu, nikalirudisha mahali pake, na hata kengele haikulia kichwani mwangu.

Wiki ya tisa ilipowafikia wasomaji, barua zikaanza kuja. Muuza duka mmoja aliandika kwamba amesoma siku ile ile mara mbili akadhani anachanganyikiwa, mpaka akamwita mumewe athibitishe. Mama mmoja anayemtunza mkwewe akauliza kwa adabu kama wiki ya tisa imefutwa kwenye kalenda. Na fundi mwashi aliyevunjika mguu, amelala nyumbani miezi miwili, akaandika hivi: "Asanteni kwa kunirudishia wiki ya nane. Mara ya kwanza niliisoma kwa hasira sikuelewa kitu. Mara ya pili nililia, na leo nimemsamehe aliyeshika ngazi vibaya."

Mhariri wetu wa sasa alikuwa mwalimu wa hesabu. Kosa likitokea anataka kujua ni mstari wa ngapi. Lakini barua ya mwashi ilimlainisha. Alituita wote, mimi, Fundi na Mama Kidole, akatusomea, akasema, "Labda tuichapishe kama ushuhuda. Mungu amelitumia kosa."

Mama Kidole alikuwa amesimama, amefumbata mikono.

"Tumshukuru Mungu kwa ajili ya mwashi," alisema. "Lakini usimbebeshe Roho Mtakatifu kazi ya kidole changu. Watu mia mbili na kumi wamenyimwa wiki. Mmoja amefurahi. Hao wengine je?"

"Mama, sikusudii kukulaumu..."

"Nilaumu. Nani anakusanya hapa? Ni mimi."

Mhariri akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akasema lile alilokuwa akilizunguka. Kwamba miaka imekwenda. Kwamba kamati ilishazungumza kuipeleka kazi ya kukusanya kwenye kiwanda cha uchapaji chenye mashine. Kwamba Mama amefanya kazi yake, apumzike, na Ijumaa wangemwandalia soda na maombi ya kumuaga.

Mama Kidole hakubisha. Alivua kifuniko cha mpira kwenye kidole, akakiweka mezani taratibu, kwenye nafasi ya rundo la tisa. Kidole chenyewe kilikuwa cheupe na kimekunjamana kama cha mtu aliyefua kutwa. Akachukua mkoba wake, akasema, "Mbaki na amani," akatoka.

Na mimi? Mimi Pilipili, ambaye karani wa posta ananikimbia, ambaye nimewahi kumkatiza askofu katikati ya tangazo? Kimya. Kwa sababu wakati Mhariri anaongea macho yangu yalikuwa yamekwenda kwenye rafu. Pale palikuwa na karatasi za wiki ya tisa zilizobaki, nene, mkono mzima. Fundi alishaniuliza kwa nini tisa imezidi na nane imepungua, nikamjibu kwamba ni mashine yake. Sasa nikaikumbuka mvua, beseni na keki. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nilikwenda nyumbani sikula. Mume wangu akaniuliza nani amekufa. Nikamwambia, "Mimi." Akasema, basi marehemu aje anisaidie kuanua nguo. Ndivyo alivyo. Nikiwa naanua nguo nikajikuta nimeshika shuka, nimelikunja mara mbili, nimesimama nalo uani kama mwehu. Nikalia palepale.

Asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Mhariri kabla hajafungua.

"Si yeye," nikamwambia hata salamu sikutoa. "Ni mimi. Nilihamisha rundo, nikaweka nane juu ya nafasi ya tisa, halafu nikazipiga pini zote bila kuangalia. Kama ni soda ya kuaga, ninywe mimi."

Aliacha ufunguo kwenye kitasa. "Kwa nini hukusema jana?"

"Niliogopa, Mhariri. Mdomo huu ni mkubwa kwa mambo ya wengine tu."

Akamwita Mama Kidole. Alipofika, nikarudia yote mbele yake, na safari hii nilipiga magoti sakafuni bila kuambiwa. Alinisikiliza. Halafu akanishika kwapani akaniinua kama mtoto.

"Inuka bwana, sakafu chafu hiyo," akasema. "Nami nina langu. Mhariri, nipe hicho kijitabu."

Mhariri akampa. Akakifungua, akakisogeza karibu na pua, akakipeleka mbali, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Kuna namba hapa chini, sivyo? Mimi naona ukungu. Mwaka mmoja na miezi miwili sasa. Kama macho yangu yangekuwa mazima, ningeona nane mbili zinafuatana, hata huyu angehamisha meza yenyewe. Mficha uchi hazai. Nilificha, kwa kuwa nilijua mkijua mtaniambia nipumzike."

Mwaka mmoja na miezi miwili! Kila saa ya chai alikuwa akiniambia, "Pilipili, leo wanasema nini? Nisomee kidogo, miwani nimeisahau." Nami, "Sina muda, Mama, kesho." Kila siku miwani imesahauliwa, na kila siku kesho. Mtu aliyekuja hapa kutafuta asikose wiki alikuwa amezikosa zaidi ya hamsini, akizishika zote kwa mkono wake, moja moja, nami nimekaa mita mbili kutoka kwake.

Mhariri alikaa chini. Mwalimu wa hesabu alikuwa ameona mistari yote mitatu ya kosa. "Na mimi," alisema polepole, "nilitakiwa kufungua nakala moja katika kila mia. Sikufungua."

"Basi tumekamilika," Mama Kidole akasema. "Sasa hao mia mbili na kumi wanapata lini wiki yao?"

Makubaliano yakawa hivi: Mama Kidole abaki mpaka bahasha ya mwisho itoke. Baada ya hapo kamati itaamua. Hakuna aliyemwahidi zaidi, naye hakuomba zaidi. Alikitazama kifuniko chake mezani, akakivaa, akavuta kiti.

Siku nne tulikaa pamoja tukitia wiki ya tisa kwenye bahasha, tukifuata daftari la majina linaloonyesha vijitabu vya siku ile vilikwenda kwa nani. Na kwa kuwa mikono yangu ilikuwa na kazi lakini mdomo ulikuwa huru, nilimsomea. Nilianza na wiki hiyohiyo ya tisa. Mwanzoni nilisoma kama anayesoma bei za sokoni. Alinikatiza, "Mwanangu, unakimbizwa?" Nikapunguza. Nikafika mahali palipoandikwa kwamba Mungu hamsomi mtu kwa jalada, nikanyamaza, nikarudia peke yangu kimoyomoyo. Jamani, maneno hayo nilikuwa nayapiga pini miaka sita! Nilikuwa kama mtu anayeteka maji kutwa akilala na kiu.

Bahasha zilihitaji karatasi ndogo ya kuomba radhi. Mhariri aliandika mistari miwili mikavu, akanipa nikaichape. Nikaichapa, lakini nikaiongezea. Sikumwambia. Niliandika kwamba kosa ni la mpiga pini, si la mkusanyaji. Niliandika kwamba mkusanyaji wetu alifika hapa miaka kumi na tisa iliyopita na wiki moja iliyofuliwa, ya nabii aliyechoka, akitafuta iliyofuata, hakuipata, na ndiyo maana hakutaka ninyi mkose yenu. Nikamalizia: tusameheni. Mhariri aliposoma, bahasha zilikuwa zimeshakwenda posta. Uso ulimbadilika. Akasema, "Pilipili, wewe!" Halafu akainamia kazi zake, na nilimwona anafuta miwani tena.

Wakati huohuo Fundi naye akazinduka. Akasema katika chuo cha uchapaji walifundishwa kuweka alama nyeusi kwenye mkunjo wa kila karatasi, kila wiki chini kidogo ya iliyotangulia, na kwamba amekuwa mvivu kuziweka. Toleo lililofuata akaziweka. Nikakusanya la majaribio nikaliangalia mgongoni: alama kumi na tatu zinashuka kama ngazi. Tukachomeka nane mara mbili kwa makusudi, na ngazi ikavunjika hadharani, hata mtu mwenye usingizi angeona. "Kwa hiyo," nikamwambia Mhariri, "Mama akusanye kwa mkono, mimi nitazame ngazi kwa macho, na wewe ufungue moja katika mia. Kiwanda cha nini?" Akasema atalipeleka kwenye kamati. Neno kamati lina uzito wake, nikatulia nikasubiri.

Kamati ilikuwa ikutane Jumatatu, saa nne asubuhi. Saa tatu akaja mtu wa posta na kifurushi kilichofungwa kwa kamba ya katani. Kimeandikwa: Kwa Mkusanyaji. Mama Kidole akakipapasa. "Kitabu," akasema. "Karatasi ya zamani. Imekunjwa kwa mkono."

Nikamfungulia. Juu palikuwa na barua ya mwandiko mkubwa uliopinda, imeandikwa na mwalimu mstaafu wa shule ya msingi ambaye alikuwa amehifadhi kila toleo la Taa ya Jikoni tangu la kwanza, ndani ya sanduku la bati lililowashinda mchwa. "Nimetafuta lenye nabii na mkate," aliandika. "Nadhani ni hili. Mwambieni nimechelewa kwa sababu sikujua kuna anayesubiri."

Lilikuwa hilo. Jalada la kijani lililofifia. Nikafunua wiki ya tatu: nabii, mti, mkate. Nikafunua karatasi iliyofuata. Safi, haina tone.

Fundi alizima mashine. Mhariri alikuwa mlangoni na faili lake la kamati mkononi, akasimama hapohapo.

"Soma," Mama Kidole akasema. Alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

Nikasoma siku ya kwanza ya wiki ya nne. Nawaambia kweli, nilitarajia radi. Hapakuwa na radi. Maelezo yalikuwa mafupi kuliko yote niliyowahi kusoma. Yalisema kwamba nabii alipokwisha kula aliamka akatembea. Malaika hakumbeba. Hakuna gari wala farasi aliyeletwa. Mkate ule ulikuwa na nguvu ya kumfikisha, lakini miguu ilikuwa yake, na safari ilikuwa ya siku nyingi. Basi nawe uliyekula wiki iliyopita, yalisema, inuka leo uende hatua moja.

Nikakishusha kitabu. Nikaogopa kumwangalia. Miaka kumi na tisa, nikawaza, kwa ajili ya hayo tu?

Mama Kidole alikuwa anacheka. Kicheko kilianza kidogo kidogo tumboni, kikapanda, mabega yakaanza kutikisika, machozi yakamtoka. "Kumbe!" akasema. "Kumbe ilikuwa inasema tembea! Miaka yote nasumbuka, nasema nimekosa, nimekosa, nimekosa. Na mimi nimekuwa nikifanya nini hapa?" Akanyoosha mkono kwenye ile meza, marundo kumi na tatu yamepangwa. "Si natembea?"

Fundi alipenga kamasi kwa kitambaa cha mashine na kubaki na wino puani. Mhariri akaangalia faili lake, akalifunga. "Nakwenda kuwaambia kamati mambo mawili," alisema. "La kwanza, Mama anapelekwa kliniki ya macho wiki hii, na Pilipili anampeleka. La pili, mkusanyaji tunaye."

"Siku ya pili inasemaje?" Fundi akaniuliza. Nikashika ukurasa nigeuze.

Mkono wa Mama Kidole ukatua juu ya wangu, mpira wa kidole ukiwa baridi.

"Kesho," akasema. "Ni ya kesho hiyo."

Akanyoosha mgongo, akaanza ubeti, akaenda kwenye rundo la kwanza.